Mauzo ya Majonzi ya Limpkin Trace

Kwa miaka kumi na mmoja, watu wa Limpkin Trace walijua thamani yao mara nne kwa mwaka, saa tatu asubuhi, kwenye ubao wa matangazo nje ya chumba cha karata. Karatasi ilikuwa moja, yenye mistari minne ya rangi iliyopita kati ya nukta, nukta moja kwa kila nyumba iliyouzwa, kila mstari ukiwa wa mtaa mmoja wa gofu kati ya minne iliyopangana kwenye barabara ile: Limpkin Trace, Coquina Reach, Old Slough na Bellhaven. Mitaa hiyo ilitenganishwa na uzio, mfereji na chuki ya kistaarabu. Ukiitazama kutoka kwenye ndege inayoshuka Fort Myers, Florida, ni bustani moja iliyokatwa vipande: mapaa yaleyale, mabwawa yaleyale, na mamba walewale, ambao kwa kuwa hawalipi ada huvuka wanakotaka. Lakini jaribu kumwambia mtu wa Limpkin Trace kwamba yeye na mtu wa Old Slough ni kitu kimoja, uone atakavyoweka uma chini.

Mchoraji wa chati hiyo alikuwa Marlys Oberholt, mwenye miaka sabini na mitatu, mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Owatonna, Minnesota. Alikuwa mrefu, mkimya, na hakucheza gofu vizuri wala hakujali. Hakuna aliyemlipa. Alianza kwa sababu siku moja alisikia watu wazima wakibishana mezani kuhusu bei za nyumba bila hata namba moja, akashindwa kuvumilia, kama vile watu wengine wanavyoshindwa kuvumilia bomba linalodondosha maji.

Chati ilikuwa na sheria moja, na haikuwa yake. Ilitoka kwa Norb Wachtel, mwenyekiti wa kamati ya klabu, mtu aliyetajirika kwa kuuza pampu za mabwawa ya kuogelea na ambaye tangu hapo aliamini kwamba kila kitu duniani kinapanda kikisukumwa.

"Nyumba ikiuzwa na watoto wa marehemu, usiiweke," alimwambia Marlys mwaka ule wa kwanza. "Wale wana haraka. Hiyo si bei, hiyo ni majonzi."

Haraka hiyo ilikuwa na sababu yake. Ukinunua nyumba Limpkin Trace umenunua na klabu, upende usipende, hata kama mkono wako haujawahi kushika fimbo ya gofu. Imeandikwa kwenye hati. Unatoa ada ya kujiunga, dola elfu tisini zisizorudi, kisha unalipa kila mwezi mpaka siku nyumba itakapopata mmiliki mwingine. Kifo hakisimamishi malipo. Watoto wa marehemu huko Cleveland hupokea ankara pamoja na rambirambi, na mwaka mmoja, kwa kubana matumizi, zilitumwa katika bahasha moja. Basi wao huuza kwa bei yoyote itakayowatoa humo.

Wakati ule mauzo ya majonzi yalikuwa mawili kwa mwaka, na Marlys hakuona madhara. Akaandika chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo, "mauzo ya kawaida tu." Baadaye likaachwa pia kundi la waliohamishwa na maradhi, maana nao wana haraka. Mstari wa Limpkin Trace ukapanda, ukaendelea kupanda. Watu walipita asubuhi kuuangalia kabla hata ya kutafuta miwani yao.

Septemba, Duane Oberholt alianguka bafuni.

Duane alikuwa mumewe kwa miaka arobaini na tisa, fundi wa mitambo ya kupozea maziwa, na kwa miaka sita ugonjwa wa Parkinson ulikuwa ukimnyang'anya kitu kimoja kimoja: kwanza gofu, kisha vifungo vya shati, kisha ngazi. Baada ya kuanguka huko daktari alisema mke peke yake hamwezi tena. Binti yao Krista, anayekaa Rochester kulekule Minnesota, akapata nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa dakika kumi kutoka kwake. Dola elfu saba kwa mwezi. Kitanda kingeshikiliwa mpaka tarehe thelathini Aprili, baada ya hapo kingekwenda kwa mwingine, kwa kuwa orodha ya wanaosubiri ilikuwa ndefu na haikupungua ila kwa njia moja.

Kulipa Rochester na wakati huohuo kulipa klabu na nyumba tupu hawangeweza. Ilibidi nyumba iuzwe kabla ya Aprili kwisha, yaani kabla wanunuzi wa kaskazini, wanaokuja kukimbia baridi, hawajarudi makwao.

Marlys hakuhofu sana. Chati ilisema nyumba kama yao ni dola laki sita na elfu sabini na tisa. Miaka miwili nyuma kaka wa jirani alitaka kuinunua kwa laki sita kasoro kidogo, pesa mkononi, naye Marlys akamwonyesha karatasi na kumkatalia kwa heshima. Mganga hajigangi, wanasema. Huyu alikunywa dawa ambayo alijua fika jinsi ilivyochanganywa.

Novemba wakaitangaza. Disemba wakaja watu wanne, wakasifu jiko. Januari wakaja wawili, wakasifu jiko. Februari hakuja mtu wa kusifu chochote. Wakala wao, Candace Bluhm, mwanamke wa Georgia aliyemwita kila mtu mpenzi hata akimshtaki, akaja siku moja na kukaa bila kukaribishwa.

"Mpenzi, nyumba nzuri. Tatizo ni bei."

"Bei ni ya chati."

"Naijua hiyo chati. Wateja wangu wote wanayo kwenye simu. Mimi nina yangu." Akaweka karatasi mezani. "Nyumba zilizouzwa humu mwaka jana. Kumi na tisa."

Marlys akapitisha kidole. "Tano ninazo. Hizi kumi na nne sizijui."

"Unazijua sana. Umekula sandwichi za mazishi yao, na za kuwaaga wagonjwa."

Kesho yake asubuhi, baada ya kumpa Duane dawa na kumweka kwenye kiti chake mbele ya dirisha, Marlys alikaa na orodha ile na kuchora upya miaka yote kumi na mmoja, waliokufa na waliougua wakiwemo. Ilimchukua mpaka saa sita. Kwenye karatasi ya ubaoni mtaa wao ulipanda asilimia nne kila mwaka. Kwenye hii mpya ulikuwa umeshuka miaka mitano mfululizo, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi asitake kuwaamsha wenzake. Mtaa wenye wastani wa umri wa miaka sabini na sita, ukiacha kuhesabu vifo na maradhi, umehesabu nini? Ni kupima mvua kwa kuyaacha matone yaliyofika chini. Kama mwanafunzi angemletea kazi ile, asingempa hata alama za huruma.

Ikabaki faraja moja, kwamba angalau mitaa jirani aliilinganisha sawasawa. Takwimu za Coquina Reach alikuwa akitumiwa na Sol Brandvein, mfamasia mstaafu wa New Jersey aliyefanya kazi kama yake upande wa pili wa mfereji. Alimkuta Jumanne kwenye foleni ya duka la dawa, akingoja dawa zake mwenyewe na kukosoa namna zinavyofungwa.

"Sol, nikuulize. Kuna nyumba unaziacha kwenye hesabu zako?"

"Mimi? Naweka zote." Akafikiri. "Isipokuwa za talaka."

"Za talaka."

"Mke anauza ili amkomoe mume. Hiyo ni bei au kisasi? Na zile zinazotazama barabara kuu, hizo kusema kweli si Coquina hasa. Na ile ya yule bwana aliyekamatwa."

"Na Bellhaven na Old Slough je?"

"Bellhaven wanaacha zilizochukuliwa na benki, Old Slough zilizoingia maji kwenye kimbunga."

"Ziliingia ngapi?"

Sol akamtazama kwa upole wa kitabibu. "Dada Marlys, kwani ulikuwa wapi siku ya kimbunga? Zote."

Kwa hiyo kwa miaka kumi na mmoja Marlys alikuwa amelinganisha, kwa rangi nne safi na rula, aibu nne tofauti, kila mtaa ukificha ya kwake. Alinunua dawa za Duane akarudi nyumbani, akiwa ameamua kwamba safari ijayo atabandika chati yenye mauzo yote.

Mambo ya mtaa wenye geti hayana geti. Haikupita wiki, Norb Wachtel akaja na kigari chake cha gofu, akakisimamisha katikati ya njia ya nyumba yao kana kwamba anazuia msafara. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, shati la waridi, na kofia aliyoivua kwa wanawake tu.

"Nasikia unataka kubandika maiti ubaoni."

"Nataka kubandika mauzo."

"Marlys, tuna kaya mia tatu na arobaini humu. Watu hawana kingine. Hisa hawazielewi, watoto hawapigi simu, magoti yamekwisha. Wana ule mstari. Ukibandika hiyo yako, umetuua."

"Wengi mmeshakufa, Norb. Ndiyo shida ya hesabu."

Hakucheka. Alishuka, na kwa mtu wa magoti yake kushuka lilikuwa tamko.

"Sikiliza, dada. Mimi si adui yako. Duane ni rafiki yangu. Uza kwanza. Ukishauza, bandika unachotaka, bandika hata eksirei yangu. Lakini ukiushusha ule mstari leo, unadhani itaanza kushuka nyumba ya nani?"

Marlys aligeuka kuitazama nyumba. Miaka thelathini na mmoja darasani ilikuwa imemfundisha kuwatambua wanafunzi wanaopata jibu sahihi kwa njia mbovu, na kwamba jibu halipungui usahihi kwa hilo. Nyuma ya dirisha Duane alikuwa akijaribu kumpungia Norb mkono, na mkono ukienda zake.

"Nitangoja," alisema.

Akaikunja karatasi mpya na kuitia kwenye droo ya vitambaa vya vyombo. Hakujisikia mwongo. Alijisikia kama mtu anayesimama kwenye foleni.

Tarehe kumi na mbili Machi walikuja akina Tubbs wa Fort Wayne, Indiana. Greg alikuwa mtu wa bima, mnene, mchangamfu, aliyegonga kuta kwa kidole na kuitikia mwenyewe. Mkewe Janelle, mwembamba, miwani shingoni, alikuwa kwa miaka mingi mpanga ratiba za mabasi ya shule. Walikwishatembelea Bellhaven na Old Slough. Greg alisema waziwazi kilichomleta hapa.

"Chati ile. Nimewaambia watu ofisini, hawa wenzetu wana takwimu. Mtaa unaopanda miaka kumi na mmoja mfululizo. Tuko tayari kwa laki sita na elfu ishirini na tano, tumalize mwezi ujao."

Candace, nyuma ya bega lake, alifumba macho kwa sekunde moja kama mtu anayesali.

Laki sita na elfu ishirini na tano. Marlys aliona kitanda cha Rochester, na shuka zake. Alifungua mdomo aseme kwamba wanakubali.

"Samahani, mama," alisema Janelle. Alikuwa ameshika simu karibu na pua, akiikuza picha kwa vidole viwili. "Hii umechora wewe?"

"Ndiyo."

"Nimehesabu nukta. Mwaka jana mtaa wenu una nukta tano. Nyumba mia tatu na arobaini, watu wa umri wetu na kuzidi. Hao wengine wanaondokaje?"

Kwa miaka kumi na mmoja watu walikuwa wameutazama mstari ule. Walikuwa wameusifu, wameupiga picha, wameupeleka kwa wakwe zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuhesabu nukta. Na kabla ya hapo kulikuwa na miaka thelathini na mmoja ya Owatonna, watoto wa asubuhi na watoto wa mchana, ambapo Marlys alisimama mbele ya ubao akingoja mtu mmoja tu aache kutazama mstari aulize umetokana na nini. Swali lilipokuja lilikuja siku hiyo, jikoni kwake, kutoka kwa mpanga ratiba za mabasi.

Hakuamua. Angekuwa na dakika tano za kuamua, huenda angesema jambo jingine, na mwenyewe baadaye hakujidanganya juu ya hilo. Mkono ulikwenda kwenye droo.

"Kaa hapa," alimwambia Janelle. "Uko sahihi kabisa. Leta kiti."

Alimfundisha kwa dakika ishirini. Alimwonyesha waliokufa, waliougua, ada ya elfu tisini ambayo hakuna mtaa unaoihesabu kama sehemu ya bei, talaka za Coquina na maji ya Old Slough. Janelle aliuliza maswali matatu zaidi, yote mazuri. Greg alitoka nje kuangalia kiyoyozi. Walipoaga, Janelle alimshika Marlys mkono kwa mikono miwili, kama mtu aliyerudishiwa pochi iliyopotea, na gari lao likaondoka.

Candace alibaki uani na funguo mkononi.

"Mpenzi, nimeuza nyumba miaka ishirini na miwili. Nimewahi kuona mbwa akimng'ata mnunuzi. Nimewahi kuona mume na mke wakipigana mbele ya mnunuzi. Hii sijawahi."

"Aliuliza."

"Watu huuliza, mpenzi. Huuliza pia kama kuna nyoka."

Ndani, Duane aliletewa supu.

"Ana akili yule mama," alisema.

"Sana."

"Ungempa ngapi?"

"Mia kwa mia."

Duane akaitazama supu ikitetemeka kwenye kijiko. "Ghali," akasema, akala.

Siku nane baadaye ikaja kadi ya posta kutoka kwa Janelle. Walikuwa wamenunua Coquina Reach, nyumba inayotazama barabara kuu. "Nilimweleza Greg yote uliyonieleza," aliandika kwa mwandiko mdogo ulionyooka. "Alisema chati ya kule ina nukta nyingi zaidi."

Marlys alimpigia Candace. Akamwambia aweke laki nne na elfu sitini, ambayo ndiyo karatasi ya droo ilikuwa ikisema tangu mwanzo. Nyumba ikauzwa kwa siku sita, kwa daktari wa meno mjane kutoka Michigan aliyeuliza jambo moja tu, kama mashimo tisa ya mwisho ya uwanja wa gofu yana kivuli. Kwa hesabu ya Rochester, swali moja la Janelle lilikuwa limegharimu miezi ishirini na mitatu ya kitanda. Hesabu hiyo Marlys aliifanya mara moja tu, na jibu halikuhitaji kuandikwa.

Tarehe mosi Aprili, saa tatu asubuhi, alibandika chati yenye nukta zote, ya kwake ikiwa ya mwisho, chini kulia. Saa nne ilikuwa imebanduliwa. Akabandika nyingine. Ya tatu ilidumu mpaka mchana, kisha ubao ukawekewa kioo na kufuli, kwa ajili, tangazo lilisema, ya unyevu. Kwenye chakula cha jioni, ambacho huko huliwa saa kumi na nusu, watu walisogeza viti mbali naye kwa adabu kubwa. Kwenye bridge, mchezo wa karata wa watu wanne aliocheza kila Alhamisi, meza yake ya miaka tisa ilimwambia kwamba imejaa. Walikuwa watu watatu.

"Umetufanya maskini," alimwambia mmoja wao, Lois Kettering, mwanamke aliyemletea Duane pai ya ndimu kila Krismasi. Alisema bila hasira, kama anayemweleza daktari mahali panapouma. "Jana nilikuwa na nyumba ya laki saba. Leo nimeamka sina."

"Hukuwa nayo jana, Lois."

"Lakini nililala vizuri."

Jibu la hilo Marlys alilitafuta wiki nzima akifunga masanduku.

Waliondoka tarehe ishirini na sita, asubuhi, siku nne kabla ya kitanda kupotea. Duane alikuwa ameshafungwa mkanda kwenye gari, mto mgongoni, alipotokea Norb Wachtel. Alikuja kwa miguu. Marlys hakuwahi kumwona akitembea umbali ule bila kigari, na mwanzoni alidhani ni mtu mwingine.

Norb alimwegemea Duane dirishani, wakasemezana, akamgusa bega. Kisha akazunguka nyuma ya gari alikokuwa Marlys akisukuma sanduku la mwisho. Akavua kofia.

"Mwanangu wa Tucson anataka nihamie kwake," alisema. "Moyo. Madaktari hawanipi muda mrefu wa kuishi peke yangu."

"Pole, Norb. Sikujua."

"Hakuna ajuaye, na iwe hivyo." Aliangalia barabara pande zote mbili. "Yangu. Ile ya pembeni ya shimo la saba, vyumba vitatu, paa jipya. Ungeiweka ngapi? Si ya ubaoni. Ile nyingine."

Marlys hakumcheka. Baadaye aliona alikuwa na haki ya kucheka na hakuitumia. Alifumba macho, akapanga vyumba, paa, nukta za mwaka, na daktari wa meno.

"Laki nne na elfu kumi. Ukiwahi mwezi huu."

Norb alishusha pumzi, na uso wake ukawa mwepesi.

"Basi afadhali. Nilidhani utasema tatu." Akavaa kofia. "Nawahi leo leo. Maana kamati huwa tunaambiwa mapema, si kama ubaoni. Tuko sita tunaotaka kutoka kabla ya msimu ujao. Saba, Hal Dressen akitoka hospitali. Wote wanangoja mmoja aanze."

"Sita?" alisema Marlys. Yeye alikuwa amehesabu wawili.

Lakini Norb alikuwa ameshageuka, anarudi alikotoka kwa mwendo wa haraka na wa furaha, mkono mmoja umeshika kofia.

Marlys akaingia kwenye gari, akawasha.

"Alitaka nini?" aliuliza Duane.

"Bei."

"Umempa?"

"Nimempa."

Kwa nyumba sita zinazouzwa pamoja kwenye mtaa wenye nyumba mia tatu na arobaini, laki nne na elfu kumi ilikuwa juu mno, na mtu akianza nayo atakaa nayo mpaka Disemba akilipa klabu kila mwezi. Marlys alikuwa ameliona hilo kabla hawajafika kwenye kona ya pili. Alipunguza mwendo. Kwenye kioo cha nyuma barabara ilikuwa tupu, Norb hayupo, na mkono wa Duane ulikuwa umeanza kugonga mlango kwa mdundo wake wa asubuhi, ambao maana yake ni kwamba dawa ya saa nne imekaribia na Rochester bado iko siku tatu mbele. Geti likawafungukia lenyewe, kama linavyowafungukia wote wanaotoka. Marlys akapita.